Kipima mapigo ya moyo kwa mazoezi: namna ya kukichagua, kukivaa na kukisoma bila kudanganywa

Jumamosi moja, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, tulikuwa juu ya daraja la Tanzanite pale Dar es Salaam. Mwenzetu wa kikundi akasimama ghafla, macho yameganda kwenye saa yake. Inasema 174. Na huyu bwana alikuwa anakimbia taratibu, anapiga soga, wala hahemi. "Kaka, ndiyo naondoka hivyo?" Nikamshika mkono, nikaweka vidole viwili kwenye kifundo, nikahesabu kwa sekunde 15. Mapigo 33. Mara nne, 132. Moyo wake ulikuwa salama kabisa. Saa haikuwa ikihesabu moyo, ilikuwa ikihesabu hatua zake.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza anunue kipima mapigo gani, namjibu kwanza kwamba kifaa hiki kina maana kwa anayeweza kukikosoa tu. Na kazi yake kubwa si ile wengi wanayoidhani. Wengi tunakinunua ili kitusukume, kumbe faida yake ni kutushika shati.

Hatua ya 1: anza na vidole viwili

Kabla hujatoa hata shilingi, jifunze kujipima mwenyewe. Geuza kiganja kitazame juu. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, kwenye kale kabonde kati ya mfupa na mishipa migumu. Bonyeza kidogo tu mpaka usikie pigo. Usitumie kidole gumba kupimia, maana nacho kina mshipa unaopiga na utajikuta unahesabu cha kwake. Shingoni pia inawezekana, ila gusa upande mmoja tu na usikandamize.

Ukiwa umetulia, hesabu dakika nzima. Katikati ya mazoezi, simama, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Fanya upesi, kwa sababu moyo uliozoea mazoezi hushuka haraka ukisimama. Ukikaa nusu dakika kwanza unatafuta saa, umeshapima kitu kingine.

Fanya hivyo wiki nzima. Utapata ujuzi ambao hauuzwi dukani, na utaweza kukiambia kifaa chochote, "hapo umenidanganya."

Hatua ya 2: elewa kinachopima, umeme au mwanga

Vifaa vyote vya mazoezi utakavyokutana navyo vinagawanyika mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni mkanda wa kifuani. Kila pigo la moyo huanzishwa na umeme mdogo, na umeme huo husambaa hadi kwenye ngozi. Mkanda una sehemu mbili laini zinazogusa ngozi na kuudaka, halafu kidude kilichobanwa mbele kwa vifungo hutuma hesabu kwenye saa au simu. Jambo hili lilianza Finland: kampuni ya Polar, iliyoanzishwa 1977 huko Kempele, ilitoa kipima mapigo cha kuvaa kisicho na waya mwaka 1982. Miaka zaidi ya 40 imepita, na kwa mtu anayetaka namba sahihi akiwa anakimbia, mkanda wa kifuani bado ndio kipimo ambacho vingine vinalinganishwa nacho.

Fungu la pili ni la mwanga, yaani saa janja na mikanda ya kuvaa mkononi. Ukigeuza saa utaona taa za kijani. Damu hufyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo moyo ukisukuma damu hadi kwenye kifundo, mwanga unaorudi kwenye saa hupungua kidogo, kisha huongezeka tena. Saa inahesabu huko kupanda na kushuka. Ukiwa umekaa au umelala, inafanya kazi nzuri sana. Taabu huanza ukitembeza mikono. Saa ikilegea, mwanga wa nje unaingia na kila hatua inaitikisa. Wakimbiaji wengi hupiga hatua kati ya 150 na 180 kwa dakika, na hapo ndipo mapigo ya mtu anayejitahidi yanapoangukia pia. Programu ya saa inatafuta mdundo, inaukuta mdundo wa miguu, inaushikilia. Ndicho kilichompata mwenzetu darajani.

Jingine linatuhusu sisi moja kwa moja. Ngozi nyeusi hufyonza sehemu ya ule mwanga wa kijani kabla haujafika kwenye damu, hivyo ishara inayorudi ni hafifu zaidi. Saa iliyotengenezwa vizuri huongeza mwanga kufidia. Saa duni hukisia. Tatuu ya wino mzito ni mbaya zaidi. Hapo hata saa ya bei kubwa hupotea. Kwa hiyo sifa ulizosoma za mtu wa Ulaya kuhusu saa fulani zichukue kama habari tu. Ijaribu kwenye mkono wako.

Katikati ya mafungu haya kuna mkanda wa mwanga unaovaliwa juu ya kiwiko au chini yake kidogo, mahali penye nyama nyingi na mtikisiko mdogo kuliko kwenye kifundo. Hauufikii ule wa kifuani kwa mazoezi ya kupanda na kushuka kwa kasi, lakini kwa mbio za kawaida unatosha, na haubani kifua.

Ushauri wangu kwa anayeanza na fedha ni za mawazo: nunua mkanda wa kifuani, utumie na simu uliyonayo. Saa itakuja baadaye. Anayetaka kufuatilia usingizi na mapigo ya mapumziko mchana kutwa, huyo saa inamfaa, ila siku za mazoezi magumu aiunganishe na mkanda.

Hatua ya 3: dukani

Saa yangu ya kwanza niliinunua kwenye duka moja Kariakoo. Boksi zuri, taa za kijani zinawaka, bei ya kushangaza. Nilipofika nyumbani nikaifunga kwenye chupa ya maji kwa utani tu. Ikatulia kidogo, ikafikiri, ikaniambia chupa ina mapigo 78.

Nilikasirika, ila baadaye nilijifunza kwamba chupa si ushahidi kamili. Hata saa halali, kwa kuwa kazi yake ni kutafuta mdundo kwa nguvu zote, inaweza kukuonyesha namba ukiifunga kwenye ndizi. Kipimo cha kweli ni ngazi. Vaa saa pale dukani, jihesabu kwa vidole ukiwa umesimama kimya, linganisha. Kisha panda ngazi ghorofa tatu kwa haraka, jihesabu tena, linganisha. Kaa dakika mbili, linganisha mara ya tatu. Kifaa cha kweli kinapanda nawe na kushuka nawe, hata kama kinachelewa sekunde kadhaa. Cha uongo kinaelea kati ya 70 na 95 chochote utakachofanya. Muuza duka akikataa usijaribu, umeshapata jibu.

Kwa mkanda wa kifuani, muulize mambo haya:

Unatumia bluetooth ya kawaida ya mapigo ya moyo, au unafunguka kwenye programu yake yenyewe tu? Ule wa kawaida utaunganika na karibu programu yoyote ya mazoezi na saa nyingi. Ule mwingine utakufunga. Mikanda mingi ina pia ANT+, njia nyingine ya kutuma hesabu bila waya, inayotumika kwenye kompyuta za baiskeli na baadhi ya saa; simu nyingi hazina, kwa hiyo isikuumize kichwa.

Betri ni aina gani? Nyingi hutumia betri ya kidonge CR2032, ileile ya rimoti za magari, inayopatikana kila mtaa. Polar H9 na H10 hutumia CR2025, ambayo ni nyembamba zaidi. Zinafanana kwa umbo na watu huzichanganya, kisha wanalalamika kifuniko hakifungi.

Kitambaa kinatoka? Kidude kinapaswa kubanduka ili kitambaa kifuliwe. Na kitambaa kinauzwa peke yake? Hilo utalishukuru baada ya mwaka mmoja au miwili.

Kuhusu bei, Polar H10 huko nje huuzwa karibu dola 100 kabla ya usafiri na ushuru. Mikanda ya Coospo na Magene inapatikana kwa kama theluthi ya bei hiyo, na kwa mkimbiaji wa kawaida tofauti ya usahihi ni ndogo kuliko tofauti ya bei. H10 ina kumbukumbu ya ndani ya zoezi moja, maana yake unaweza kuiacha simu nyumbani. Kwa anayekimbia alfajiri peke yake, hilo si jambo dogo.

Waogeleaji mjue kwamba bluetooth haipiti majini. Tafuta kifaa chenye kumbukumbu yake.

Hatua ya 4: kuvaa

Malalamiko mengi ninayosikia kuhusu mikanda yanaishia hapa. Mkanda mkavu hausomi. Lowanisha zile sehemu mbili laini kwa maji ya bomba, na kama bomba liko mbali, mate yanatosha, usione haya. Vaa chini ya misuli ya kifua, kidude kikae katikati, penye ncha ya chini ya mfupa wa kifua. Kaza mpaka usiteleze ukiruka, lakini uvute pumzi ndefu bila kuhisi umefungwa. Mke wangu huuvaa chini kidogo ya ukingo wa sidiria ya mazoezi, usikae juu yake wala kukunjwa nao, na hupaka mafuta ya mgando pembeni panapochubuka. Mafuta yasiguse zile sehemu zinazosoma, yatazuia umeme.

Dakika kumi za mwanzo, kabla jasho halijashuka, unaweza kuona 95, halafu 190, halafu 102. Usishtuke. Ni ukavu, au ni fulana ya poliesta inayopepea na kusugua mkanda hadi inazalisha umeme wake. Mwagia maji kidogo, bana fulana, itatulia. Kama haitulii hata jasho likiwa limejaa, shuku betri kwanza. Betri inayokufa haizimiki kwa adabu. Huanza kwa kuruka-ruka.

Saa nayo isivaliwe juu ya mfupa wa kifundo kama bangili. Ipandishe upana wa vidole viwili kuelekea kiwiko, ikaze kuliko unavyoivaa kawaida, kisha ilegeze ukimaliza. Tembea haraka dakika tano kabla ya kuanza kukimbia ili damu ifike mikononi. Kwa pushapu na kunyanyua vyuma, saa ya mwanga haifai: ukikunja kifundo, misuli inabana mishipa na hesabu inapotea.

Hatua ya 5: tafuta namba zako, usitumie za mwenzio

Hapa ndipo penyewe. Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu kwa makini, iwe hii.

Namba ya kwanza ni mapigo ya mapumziko. Pima asubuhi ukiamka, kabla hujatoka kitandani, kabla ya chai na kabla ya kushika simu. Fanya siku saba, chukua wastani. Kwa mtu mzima kawaida ni kati ya 60 na 100. Mwenye mazoezi ya muda mrefu anaweza kuwa na 50 au chini yake.

Namba ya pili ni mapigo ya juu kabisa. Kanuni inayojulikana na kila mtu ni 220 toa umri. Ilichapishwa 1971 kwa kukusanya takwimu za tafiti zilizokuwepo, na haikukusudiwa kuwa sheria ya mtu mmoja mmoja. Kanuni ya mwaka 2001 (zidisha umri kwa 0.7 kwanza, kisha toa jibu kwenye 208) ina msingi bora, hasa kwa wazee. Lakini zote mbili ni wastani wa umati. Wapange watu wa umri mmoja, na kama theluthi moja yao watakuwa wamepishana na kanuni kwa zaidi ya mapigo 10, juu au chini. Wala mapigo ya juu hayaonyeshi nani ana nguvu. Mtu amezaliwa nayo hivyo, kama urefu.

Njia ya kuyapata kweli ni kilima. Ila soma hili kwanza: kama umevuka miaka 40 na hujafanya mazoezi muda mrefu, kama una presha, kisukari, unavuta sigara, au ndugu wa damu alikufa ghafla kwa moyo akiwa kijana, usifanye jaribio hili kabla ya kuonana na daktari. Tumia kanuni, anza polepole, inatosha kabisa.

Wengine: pasha mwili dakika 15. Tafuta mlima wa kukimbia dakika mbili hadi tatu. Dar tambarare hii inatutesa, sisi huenda hadi vilima vya Pugu. Panda kwa nguvu, shuka ukitembea. Panda tena kwa nguvu zaidi. Mara ya tatu toa kila kitu, na sekunde 30 za mwisho zikimbie kama unafukuzwa. Namba kubwa zaidi uliyoona kwenye mkanda wa kifuani ndiyo yako. Namba ya saa ya mkononi kwa jaribio hili siiamini.

Namba ya tatu si ya lazima mwanzoni, ila nyanya ya mchuzi ni hiyo: kizingiti. Ni mapigo ambayo ukiyavuka, mwili unazalisha uchovu kuliko unavyoweza kuusafisha, na pumzi inabadilika kutoka ya mdundo kuwa ya kutweta. Pima hivi: ukiwa umepumzika vizuri na umepasha mwili, kimbia peke yako dakika 30 kwa kasi kubwa unayoweza kuishikilia hadi mwisho. Dakika ya kumi ikifika, bonyeza kitufe cha mzunguko (lap) ili saa ianze hesabu mpya. Wastani wa dakika 20 za mwisho ndio kizingiti chako.

Hatua ya 6: piga hesabu ya zoni

Saa nyingi zinakuja na zoni tano, yaani ngazi tano za mapigo kuanzia zoezi jepesi hadi gumu kabisa, zilizokwishawekwa kwa asilimia ya 220 toa umri. Ziache hivyo na utateseka. Nachukua namba zangu za mwaka nilipokuwa na miaka 42.

Kanuni ilisema mapigo yangu ya juu ni 178. Saa ikanipa zoni ya 2, yaani asilimia 60 hadi 70, kuwa 107 hadi 125. Nikitembea kwa haraka tu nafika 115. Kukimbia ndani ya zoni hiyo haikuwezekana, kila baada ya mita 50 saa inapiga kelele. Watu wengi hukata tamaa hapo na kusema mazoezi ya mapigo ni ya wazungu.

Kilimani nilipata 189. Mapumziko yangu yalikuwa 58. Njia ya Karvonen, mtafiti wa Finland aliyeichapisha na wenzake 1957, inatumia tofauti ya hizo mbili, yaani akiba ya moyo: 189 toa 58 ni 131. Chukua asilimia ya akiba, kisha rudishia mapumziko.

Asilimia 50: 66 + 58 = 124
Asilimia 60: 79 + 58 = 137
Asilimia 70: 92 + 58 = 150
Asilimia 80: 105 + 58 = 163
Asilimia 90: 118 + 58 = 176

Kwa hiyo zoni ya 1 ni 124 hadi 137, ya 2 ni 137 hadi 150, ya 3 ni 150 hadi 163, ya 4 ni 163 hadi 176, na ya 5 ni kuanzia hapo kwenda juu. Linganisha zoni ya 2 ya saa na hii. Ni mtu yuleyule, moyo uleule. Ingia kwenye mipangilio ya saa au programu, futa zoni za kiwandani, andika zako kwa mkono.

Kisha zithibitishe kwa mdomo. Ukiwa zoni ya 2 unapaswa kuweza kumsimulia mwenzio mechi ya Simba na Yanga bao kwa bao bila kukatiza sentensi. Zoni ya 3 utasimulia kwa vipande. Zoni ya 4 utasema jina la mfungaji tu. Kama mdomo na namba havikubaliani, mimi huuamini mdomo kwanza, kisha narudi kupima upya.

Hatua ya 7: wiki ya mazoezi

Siku nne zinatosha kuanzia. Tatu ziwe zoni ya 1 na ya 2, moja ndiyo iwe ngumu. Ndiyo, tatu nyepesi. Kosa la vikundi vyetu vya jogingi ni kwamba kila siku ni mashindano madogo: hakuna anayetaka kuachwa, basi kila mtu anaishia zoni ya 3, ambayo ni ngumu mno kukujengea msingi na nyepesi mno kukuongezea kasi. Unachoka kila siku na muda haushuki.

Siku nyepesi, weka saa ilie ukivuka 150, au namba yoyote iliyo juu ya zoni yako ya 2. Ikilia, punguza. Ukipanda daraja, tembea. Wiki yangu ya kwanza nilipitwa na mzee aliyekuwa akitembea na mbwa wake, akanisalimia kwa huruma. Nikaitikia nikaendelea. Mwezi wa tatu, kwa mapigo yaleyale 145, kilomita niliyokuwa naimaliza kwa dakika 8 na sekunde 10 nilikuwa naimaliza kwa 7 na 20. Sikuongeza juhudi hata tone.

Siku ngumu: pasha mwili dakika 15, kisha dakika 4 zoni ya 4, dakika 3 za kujikongoja, mara nne. Kumbuka moyo huchelewa. Ukianza kasi, namba itachukua dakika moja au zaidi kufika. Wengi huiona iko chini wakaongeza mbio, dakika ya tatu wakajikuta wamepitiliza. Anza kwa hisia, acha namba ikufuate. Kwa mbio fupi za sekunde 20 au 30 usiiangalie kabisa. Itapanda ukiwa umeshamaliza.

Mara moja kwa mwezi, kimbia kilomita 5 njia ileile, saa ileile ya asubuhi, kwa mapigo yaleyale. Andika muda. Hiyo ndiyo ripoti yako ya maendeleo, kuliko picha zote za programu.

Hatua ya 8: namba ikipanda bila sababu

Kuna sababu. Mara nyingi ni joto. Februari ya Dar, hata saa kumi na moja na nusu alfajiri, hewa ni nzito kama ya bafuni. Mwili unapeleka damu kwenye ngozi ili ipoe, jasho linapunguza maji ya damu, na moyo unalazimika kupiga zaidi kwa kazi ileile. Utaanza mbio kwa 140 na saa moja baadaye uko 155 kwa kasi ileile. Fuata mapigo, punguza mwendo, kunywa maji. Kasi ya Julai isikusumbue akili. Anayefunga Ramadhani na kukimbia kabla ya futari ataona jambo hilohilo kwa ukali zaidi. Siku hizo zoni ya 1 inatosha, na zoezi gumu lisubiri baada ya kufuturu.

Mwinuko nao una lake. Ukitoka pwani kwenda Arusha, kama mita 1,400 juu ya bahari, siku za kwanza mapigo yatakuwa juu kwa kasi ileile. Ukienda Iten, Kenya, karibu mita 2,400, hata kupanda ngazi ya hoteli utaikumbuka.

Halafu kuna ugonjwa. Ndiyo maana nakusisitiza upime asubuhi. Kuna siku niliamka na 71 badala ya 58. Nikasema ni uchovu wa mbio za juzi. Jioni nikatetemeka, kipimo kikasema malaria. Siku hizi mapumziko yakipanda kwa 7 au zaidi, silazimishi: napumzika, na kama kuna homa naenda kupima. Kukimbia na homa ni kuutesa moyo bure.

Dawa pia. Anayetumia dawa za kundi la beta-bloka, kama atenolol, bisoprolol, carvedilol au propranolol, mapigo yake yanazuiliwa yasipande. Hesabu zote za hapo juu hazimhusu. Atajitesa kuifikia namba ambayo dawa haitaruhusu. Atumie kipimo cha mazungumzo, na zoni azipange na daktari wake. Na asiache dawa ili namba zipendeze, tafadhali.

Mwisho wa hatua hii ni wa kusimama. Saa ikionyesha 200 ukiwa unatembea, jihesabu kwa vidole. Vidole vikisema 110, laumu kifaa. Vidole vikikubaliana na saa, au pigo linaruka-ruka bila mpangilio, au kifua kinabana, au unaona giza, zoezi limekwisha na safari ni ya hospitali, sio ya nyumbani kulala.

Siku ya mbio

Kwenye mstari wa kuanzia utaona mapigo 10 zaidi ya kawaida na hujapiga hata hatua. Ni msisimko. Kilomita mbili za mwanzo usizitegemee namba, zuia miguu tu. Baada ya hapo, kwa nusu marathoni, mimi hukaa mapigo 5 hadi 8 chini ya kizingiti mpaka theluthi ya mwisho. Kwenye Kilimanjaro Marathon, nusu marathoni inapanda kuelekea Mweka kabla ya kurudi Moshi mjini. Kwenye ule mlima, anayeshikilia kasi yake ya Dar analipa kabla ya kufika juu. Anayeshikilia mapigo anawaokota njiani. Wakati wa kuteremka namba itashuka ikuambie uko sawa. Mapaja ndiyo yatakayokueleza ukweli, kwa hiyo teremka kwa hatua fupi.

Kutunza

Ukimaliza, bandua kidude kwenye kitambaa. Kikibaki kimeunganishwa na jasho bichi, kinajiona bado kiko kifuani na betri inaisha kabatini. Suuza kitambaa kwa maji baridi kila siku, mara moja kwa wiki tumia sabuni kidogo ya maji. Usipige pasi, usikamue kwa kusokota, usianike juani. Anika kivulini kikiwa kimelala. Futa viungo vya chuma kwa kitambaa kikavu, maana chumvi ya jasho inavila polepole. Kitambaa ndicho kinachokufa kwanza. Ukiona mkanda unapoteza mapigo hata ukiwa umelowa na betri ni mpya, usitupe kidude. Nunua kitambaa peke yake, hakikisha umbali wa vifungo ni uleule, kibane, endelea.